Mtoto anapepesa macho na kuguna? Kabla ya fimbo, uliza ukoo

Musoma. Ilianza na macho. Mwanangu alikuwa na miaka sita, yuko darasa la kwanza, nikaona anapepesa macho kwa nguvu, mara nne, mara tano mfululizo, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Tunakaa Nyasho, na kiangazi vumbi huku si haba. Nikamwosha uso, nikamkataza kufikicha. Wiki ya pili nikampeleka akapimwe. Macho yakaonekana mazima. Mwezi haukuisha, kupepesa kukakoma kwenyewe, nami nikasahau.

Mwaka uliofuata ikawa shingo. Alikuwa anarusha kichwa pembeni kama msichana anayeondoa nywele usoni, na yeye kichwa kimenyolewa. Nayo ikaja, ikaondoka. Alipofika darasa la nne, mwaka wa mtihani wa upimaji, ikaja sauti. Akawa anaguna kooni, "hm, hm", kama mzee anayejiandaa kuzungumza kwenye kikao. Mezani anaguna, kanisani anaguna, akiandika kazi za shule anaguna. Akishalala, kimya.

Nilinunua dawa ya kikohozi chupa tatu. Kwenye zahanati moja tulipewa vidonge vya antibayotiki mara mbili. Shuleni mwalimu alidhani anadhihakiwa, na siku moja mtoto alirudi na alama za fimbo mapajani. Hakulia mbele yangu. Baba yake akamwambia aache tabia za kijinga. Mimi mwenyewe nilishasema "Acha!" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kilichonifanya nianze kuuliza ni jibu alilonipa jioni moja: "Mama, nikiizuia inajaa."

Wakati huo majirani walishatoa maoni yao. Kuna aliyesema mtoto amechezewa, nitafute mtu wa kumtazama. Kuna aliyesema ni minyoo. Upande wa mume wangu walisema kwao hakuna kitu kama hicho. Upande wangu nao wakasema hivyo hivyo. Nikabaki na mtoto ambaye hana kwao.

Makala hii ni kwa ajili ya mzazi ambaye sasa hivi, akisoma kwenye simu yake, anamsikia mtoto wake akiguna chumba cha pili. Kitu tulichokuwa tunakitafuta kwa watu wa nje kilikuwa ndani ya ukoo wetu miaka yote. Hakikuwa na jina tu.

Alichonacho kina jina

Daktari tuliyempata baadaye hakuanza na dawa. Alimuuliza mtoto mwenyewe: kabla ya kuguna, unasikia nini? Mtoto akagusa koo, akasema kunawasha kwa ndani, akiguna kunatulia kidogo, halafu kunaanza tena. Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Kitaalamu hali hii huitwa tiki. Si ile alama ambayo mwalimu anaweka kwenye daftari. Ni kitendo cha ghafla, kifupi, kinachojirudia, ambacho mtu hakukipanga. Kuna tiki za misuli: kupepesa macho, kukunja uso, kupandisha bega, kurusha shingo. Na kuna tiki za sauti: kuguna, kuvuta pua, kukohoakohoa, wakati mwingine kutoa neno.

Wengi huielewa kwa mfano wa chafya. Chafya unaweza kuibana kwa muda, ukiwa kanisani au msibani, lakini huwezi kuifuta. Itajaa, na itatoka. Ndivyo mtoto wangu alivyokuwa akiniambia, ila sikuwa na masikio ya kusikia.

Hapo ndipo walimu na wazazi wengi hukosea. Kwa kuwa mtoto anaweza kujizuia dakika kumi mbele ya mwalimu mkali, tunasema anafanya makusudi. Lakini akijizuia, nguvu zake zote zinakwenda kwenye kujizuia, na hesabu ubaoni haioni. Akifika nyumbani, mahali anapojisikia salama, zote zinamtoka kwa pamoja, na mama anasema mtoto huyu ananifanyia jeuri mimi tu.

Tiki zina tabia zake. Huja na kuondoka. Huhama, leo macho, mwakani shingo. Huongezeka mtoto akiwa na hofu, furaha kubwa, uchovu au mtihani. Hupungua akizama kwenye jambo analolipenda, na akilala hupungua sana. Mara nyingi huanza kati ya miaka minne na saba, huwa kali zaidi kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa walio wengi hupungua kuelekea utu uzima. Wavulana huzipata mara tatu hadi nne zaidi ya wasichana.

Nyingine ni za muda tu. Inakadiriwa kwamba hadi mtoto mmoja kati ya watano hupitia tiki kwa kipindi fulani, zikaisha bila mtu kufanya lolote. Zikidumu zaidi ya mwaka mmoja, zikawa za misuli zaidi ya moja na angalau moja ya sauti, na zilianza kabla ya miaka 18, huitwa ugonjwa wa Tourette, hutamkwa Turet. Ni jina la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Watu wengi waliosikia jina hilo wanafikiri ni ugonjwa wa kutukana hovyo. Wenye tiki za matusi ni wachache, kama mmoja kati ya kumi.

Tulipodhani amemaliza, daktari akauliza: na nani mwingine kwenye ukoo? Mimi na mume wangu tukajibu kwa sauti moja kwamba hakuna. Akasema hakuuliza nani anaumwa. Anauliza nani anapepesa macho, nani anakohoakohoa bila mafua, nani anarudi kuhakikisha kufuli mara tatu. Akatuambia twende tukatazame.

Bunda: baba mdogo

Jumamosi iliyofuata tukapanda gari kwenda Bunda. Mdogo wake mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Nimemjua shemeji huyu miaka kumi na moja, nimekula naye sikukuu zote. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi lake saa nzima nikimtazama.

Akawa anavuta pua. Anapandisha nyusi. Kila baada ya muda anazungusha shingo kama mtu ambaye kola inambana, na amevaa fulana isiyo na kola. Wateja wake hawakushtuka, walishamzoea. Mimi miaka yote nilidhani ana mafua ya vumbi la barabarani.

Nilipomuuliza alicheka. "Shemeji, hii ninayo tangu shule." Kisha akaacha kucheka, akatueleza. Shuleni walimwita Chura kwa sababu ya sauti aliyokuwa anatoa kooni. Alitolewa nje ya darasa mara nyingi mpaka akazoea kukaa chini ya mti na kusubiri kengele. Kidato cha pili akaona haina maana kuendelea. Aliaga nyumbani kwamba ada imekosekana, na nyumbani wakakubali.

Mume wangu alikuwa anatazama chini. Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponiambia kuwa jina la Chura lilianzia nyumbani, na aliyelianzisha ni yeye.

Kabla hatujaondoka tulipita kwa dada yao, wifi yangu, anayekaa Balili. Yeye hana mtikisiko wowote. Lakini tulipokuwa tunaagana alifunga mlango, akarudi kuujaribu, akaenda hatua tatu, akarudi tena. Mikono yake imepasuka kwa kunawa. Tulikuwa tunamsifia kwa usafi. Daktari alituambia baadaye kwamba mawazo na vitendo vya kujirudia vya namna hiyo vinaweza kutoka kwenye urithi ule ule. Katika ukoo mmoja, mwingine hupata tiki, mwingine hupata kuhakikisha kufuli, mwingine hupata kutotulia na kushindwa kuweka akili mahali pamoja. Wapo wanaopata yote, na wapo wasiopata chochote.

Inarithiwa vipi?

Kwamba hali hii inatembea kwenye familia si jambo jipya. Daktari Tourette mwenyewe aliamini kuwa ni ya kurithi. Katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi walilisahau hilo, wakatafuta kosa kwenye malezi na kwenye nafsi ya mtoto, na wazazi wengi Ulaya na Marekani wakabebeshwa lawama. Miaka ya 1960 ilipoonekana kwamba dawa inayogusa ubongo inapunguza tiki, mjadala ukarudi kwenye mwili.

Ushahidi mzuri umetoka kwa mapacha. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1985 uliangalia mapacha ambao mmoja wao ana Tourette. Kwa mapacha wa kufanana, ambao wana vinasaba vile vile, mwenzake naye alikuwa na Tourette katika asilimia 53. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa asilimia 8 tu. Zilipohesabiwa tiki za aina yoyote, ikawa asilimia 77 kwa 23.

Mwaka 2015 watafiti nchini Sweden walitoa matokeo makubwa zaidi, kutokana na kumbukumbu za hospitali za watu 4,826 wenye Tourette au tiki za kudumu. Waliona kwamba kwa ndugu wa damu wa karibu kabisa, yaani mzazi, mtoto, kaka au dada, uwezekano wa kuwa nazo ni zaidi ya mara 18 ukilinganisha na watu wengine. Kadiri udugu unavyokuwa wa mbali, uwezekano unashuka. Kwa binamu ulikuwa kama mara tatu.

Mzazi, usiogope namba hizo. Mara 18 ya kitu kidogo bado si kitu cha uhakika, na wengi wa ndugu hao hawakuwa na tiki. Pia namba hizo za mapacha zinasema jambo la pili muhimu: hata pacha wa kufanana, mwenye vinasaba vile vile, anaweza asipate. Kinachorithiwa ni uwezekano. Kuna mambo mengine yanayochangia, yakiwemo ya wakati wa mimba na kuzaliwa, na mengine hayajajulikana.

Sisi nyumbani tunalieleza kwa mfano wa mchango wa harusi. Harusi hailipwi na mtu mmoja. Huyu anatoa elfu kumi, yule elfu tano, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, mpaka bajeti inatimia. Vinasaba vya tiki ndivyo vilivyo kwa watu wengi: viko vingi, kila kimoja kinachangia kidogo, na vinaweza kutoka kwa baba na kwa mama pia. Mchango usipofika kiwango, mtoto haonyeshi dalili, ingawa anaweza kumpa mwanawe kile kidogo alichonacho. Ndiyo maana hali inaweza kuonekana kwa babu, ikaruka kwa baba, ikatokea kwa mjukuu.

Ziko familia chache ambazo badiliko la kinasaba kimoja lina uzito mkubwa. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walieleza familia moja ambamo baba na watoto wake wote wanane walikuwa na Tourette. Lakini hiyo ni nadra. Kwa familia nyingi hakuna kipimo cha damu kitakachosema mtoto wako ameipata kwa nani, na hakuna kitakachosema mdogo wake ataipata au hataipata.

Kwa hiyo maneno ya "hiki ni cha kwenu" hayana msingi. Katika mkoa wetu, ambako mtu anatambulishwa kwanza kwa ukoo, maneno hayo yanaweza kuvunja nyumba. Nimeshasikia mama akirudishwa kwao na mtoto wake kwa kisingizio cha damu mbaya. Damu haina ubaya. Ile ile iliyoleta tiki ndiyo iliyoleta kimo, sauti na ucheshi.

Kwa nini hatuijui?

Mwaka 2008 daktari bingwa wa Uingereza, Mary Robertson, alikusanya tafiti za nchi nyingi akaandika kwamba Tourette inapatikana duniani kote kwa takriban mtoto mmoja kati ya mia, isipokuwa Afrika kusini mwa Sahara, ambako taarifa zilikuwa chache mno. Wengine wakasoma hapo kwamba Waafrika hatuipati.

Mimi si mtafiti. Lakini kabla ya safari ile ya Bunda, mtu angekuja na karatasi yake kutuhesabu, familia yetu ingeandikwa hakuna. Shemeji angeandikwa ana mafua, wifi angeandikwa msafi, na mwanangu angeandikwa mtundu.

Butiama: babu

Baba mkwe wangu anakaa Butiama, si mbali na barabara ya kwenda Kiabakari. Amepita miaka sabini na bado anatengeneza baiskeli za watu. Tulikwenda wote mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, na shemeji akatufuata kutoka Bunda.

Tukakaa chini ya mwembe. Mume wangu akaanza kumweleza baba yake habari za daktari, polepole, kwa adabu, maana kumwambia mzee kuwa ana kitu si jambo dogo. Alivyoendelea kueleza kupepesa ni nini na kuguna ni nini, mwanangu akaanza kuguna. Baba mdogo akazungusha shingo. Na bega la kulia la mzee likapanda, likashuka, likapanda tena. Nilishaliona bega hilo siku zote nikadhani ni jeraha la zamani. Kuzungumzia tiki huziamsha, hilo daktari alituambia. Mzee akawatazama wote wawili, akajitazama, akacheka mpaka akatoa kofia.

Kisha akasimulia. Alipokuwa mtoto akichunga ng'ombe, ilikuwa macho na mdomo. Mama yake alimfunga hirizi mkononi, ikakatika, akafungiwa nyingine. Baba yake alimchapa. Hakuna kilichosaidia, ila alipokuwa kijana zikapungua zenyewe, likabaki bega. Akasema akishika baiskeli, bega nalo linatulia. Akikaa bure linamsumbua. Mkewe aliwahi kumuuliza mara moja tu, wakiwa wachumba, naye akajibu kuwa ni baridi.

Mwanangu alisikiliza yote hayo bila kusema neno. Jioni alimsogelea babu yake kwenye baiskeli, akamuuliza kama ilikuwa inajaa. Mzee akamwambia, "Inajaa, mjukuu wangu. Mpaka leo inajaa." Sijui kama kuna dawa ambayo ingempa mtoto yule kile alichokipata kwa sentensi hiyo.

Si kila mtikisiko ni tiki

Kuuliza ukoo hakuondoi wajibu wa kwenda hospitali. Yapo magonjwa yanayofanana na tiki, na mengine hayasubiri. Mpeleke mtoto mapema ukiona haya:

Anaduwaa ghafla, haitikii akiitwa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, au anaanguka na kupoteza fahamu. Hiyo inaweza kuwa kifafa. Mtoto mwenye tiki hapotezi fahamu.

Mikono na miguu inachezacheza bila mpangilio, anaangusha vikombe, mwandiko umeharibika ghafla, anayumba au maneno yanamshinda. Inaweza kuwa ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo, ule ule unaoweza kuharibu vali za moyo. Usisubiri.

Shingo imejipinda au macho yamepanda juu na hayashuki, muda mfupi baada ya kunywa dawa, kwa mfano ya kuzuia kutapika. Rudi hospitali siku hiyo hiyo na uchukue dawa hiyo mkononi.

Anakohoa hata usingizini, ana homa, anakonda au anatoka jasho usiku. Apimwe kifua, ikiwemo kifua kikuu. Macho mekundu, yenye tongo au yanayouma nayo yapimwe kama macho.

Ukimpeleka hospitali

Anza na kituo kilicho karibu nawe, kisha omba rufaa. Kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Musoma, uliza kitengo cha afya ya akili au kliniki ya watoto. Wakiona inahitajika, watakuelekeza Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Neno "akili" lisikutishe. Haina maana mtoto ni mwendawazimu. Tiki hazipunguzi uwezo wa kufikiri.

Mrekodi kwa simu, dakika moja au mbili, akiwa ametulia nyumbani na kwa ridhaa yake. Watoto wengi huzibana mbele ya daktari, na video hiyo itasema zaidi yako. Usiiweke kwenye makundi ya WhatsApp. Andika pia kwenye karatasi zilianza lini na zimehama vipi, na majina ya ndugu: babu, bibi, wajomba, shangazi, nani ana nini. Hiyo ndiyo karatasi ya ukoo.

Kwa watoto wengi, kueleweshwa kunatosha. Zikimsumbua, kuna mafunzo ambayo mtoto anajifunza kutambua ile hali ya kujaa, kisha kufanya kitendo kingine kisichoonekana sana mpaka ipite, kama kuvuta pumzi taratibu kwa pua badala ya kuguna. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 wenye watoto 126, kidogo zaidi ya nusu ya waliopewa mafunzo hayo walipata nafuu nzuri, ukilinganisha na chini ya mmoja kati ya watano kwa wale waliopewa ushauri wa kawaida tu. Dawa zipo pia, kama haloperidoli na klonidini, kwa tiki kali zinazoumiza au kumzuia kusoma. Zinaweza kuleta usingizi, kukakamaa au kuongezeka uzito, kwa hiyo ni za daktari peke yake. Usimpe mtoto dawa aliyoandikiwa mtu mwingine, hata kama ni ndugu mwenye hali hiyo hiyo.

Nyumbani na shuleni

Nyumbani tuliacha neno "Acha". Hatuzitaji wala hatuzihesabu. Akizidiwa anakwenda uani, anaziachia, anarudi, na hakuna anayeuliza. Tunalinda usingizi wake, hasa wiki ya mtihani. Wadogo zake tuliwaeleza kwa maneno machache, na jina la utani ni marufuku. Marufuku hiyo aliiweka baba yake, na anajua kwa nini.

Shuleni tulikwenda wote wawili, na barua ya daktari. Hatukwenda kugombana. Tuliomba mambo manne: asichapwe wala kukemewa kwa ajili ya sauti hiyo, akae pembeni, karibu na mlango, aruhusiwe kutoka dakika mbili bila maelezo, na mwalimu awaeleze wanafunzi, mtoto akikubali. Mwalimu yule aliyemchapa alisoma barua mara mbili. Akasema na yeye ana mpwa wa namna hiyo. Tangu siku hiyo ndiye anayemtetea.

Kwa kuwa anapenda mpira, nilimwonyesha pia habari za Tim Howard, golikipa wa Marekani aliyechezea Manchester United na Everton. Ana Tourette na ameizungumzia waziwazi. Kwenye Kombe la Dunia la 2014 dhidi ya Ubelgiji aliokoa michomo zaidi ya kumi katika mechi moja. Ilimfurahisha. Lakini nikimsikia akiwaeleza wenzake, hamtaji Howard. Anamtaja babu wa Butiama na bega lake.

Sasa ana miaka kumi na moja. Kuguna kumepungua, imekuja nyusi, kama ya baba yake mdogo. Mwezi uliopita, tukiwa tunamenya ndizi, akaniuliza kama na yeye akija kupata mtoto, mtoto huyo atakuwa nazo. Nikamwambia ukweli: huenda akawa nazo, huenda asiwe nazo, hakuna anayejua.

Akafikiri kidogo. Akasema, "Akiwa nazo nitamwambia mapema."